Karai Lilianguka Lini?

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye chumba cha habari, nilitumwa sokoni kufuatilia vurugu. Askari mgambo walikuwa wameingia asubuhi kuwaondoa wafanyabiashara waliopanga meza kando ya barabara. Nilipofika mambo yalikuwa yameshatulia. Palikuwa na meza zilizovunjika na nyanya zilizokanyagwa. Mgambo mmoja alikuwa amekaa chini ya mwarobaini, mguu umeungua kwa mafuta ya moto. Mama mmoja mkaanga mihogo alikuwa ameshapelekwa kituoni.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Niliuliza watu sita, nikaandika: mgambo walifika, wakaamuru watu waondoke, mmoja wao akapiga teke meza ya mama wa mihogo, karai likapinduka, mafuta yakamwagikia mguu wake mwenyewe. Wenzake wakavunja meza nyingine. Mama akakamatwa.

Mhariri akasema habari ni nzuri ila imelala. Akainyoosha. Kesho yake gazetini ilitoka hivi, kwa maneno machache: askari mgambo ameungua mguu kwa mafuta ya mama lishe katika vurugu zilizotokea sokoni, ambapo meza kadhaa zilivunjwa, ikiwemo ya mama huyo, na mwanamke mmoja anashikiliwa.

Hebu irudie taratibu. Utafute uongo humo. Haupo. Mgambo aliungua, mafuta yalikuwa ya mama, meza zilivunjwa na mama alishikiliwa.

Mama aliachiwa baada ya siku mbili, bila kesi. Nilikutana naye miezi mitatu baadaye, nikamwamkia, nikajitambulisha. Hakunifokea, ingawa ningepona haraka zaidi kama angenifokea. Alinieleza kwamba gazeti lile lilisomwa kwenye kikoba chao. Alipoomba mkopo wa kununua meza na karai jipya, wenzake wakasita. Mtu anayemwagia askari mafuta, walisema, ipo siku atatuletea kesi.

"Mmeandika yote, mwanangu, sikatai," akaniambia. "Lakini karai lilianguka baada ya teke. Hapo hamkusema."

Nimekaa na hilo "baada ya" kwa muda mrefu. Je, mtu anaweza kudanganya kwa kusema mambo ya kweli matupu? Na kama anaweza, uongo unakaa sehemu gani, maana ukilikagua kila neno unalikuta safi?

Ukitazama kwa jicho la lugha, utaona kilichotokea pale mezani kwa mhariri. Kiswahili kina kiungo kidogo cha ajabu, "-ka-". Akapiga, likapinduka, yakamwagika. Bibi zetu wanaposimulia, wanakifuata hicho kama uzi kwenye shanga. Kinakuambia hili lilitokea, kisha lile, na mara nyingi kinakudokezea kwamba lile limetoka kwenye hili. Mhariri alizitoa "-ka-" zote, akaweka "ambapo". Sisi waandishi tunaipenda sana "ambapo". Inabeba mambo kumi kwa mkupuo mmoja, na hakuna anayejua lipi lilitangulia.

Nilidhani hili ni tatizo la magazeti tu. Kilichonifanya nilifikirie upya ni mazungumzo na rafiki yangu tuliyeishi naye chumba kimoja hosteli, yeye akisoma fizikia na mimi uandishi wa habari. Sasa ni mwalimu wa sekondari. Nilimsimulia habari ya karai nikitarajia pole. Badala ya pole akachukua kitabu kilichokuwa mezani.

"Kilaze," akasema, "jalada juu, mgongo wake kushoto kwako. Kwanza nyanyua ukingo wa mbali kisimame wima. Halafu kizungushe robo mduara kwenda kulia, kama mshale wa saa ukitazamwa kutoka juu." Nikafanya. Kitabu kikabaki kimesimama, jalada limetazama kushoto. "Rudisha mwanzo. Sasa anza na kuzungusha, halafu ndiyo unyanyue ukingo wa mbali." Safari hii kitabu kikasimama kwa ubavu, mgongo juu, jalada likinitazama usoni. Matendo ni yale yale mawili. Sikuongeza kitu wala kupunguza, ila mwisho wake ni tofauti.

Kumbe fizikia ya karne iliyopita ilianza kwa kushtuka na jambo la namna hii. Mwaka 1925 Werner Heisenberg, kijana wa miaka 23, alikuwa kisiwani Helgoland, Ujerumani, akijiuguza mzio wa chavua. Katika hesabu zake za atomu alikuta kwamba kuzidisha kitu cha kwanza kwa cha pili hakutoi jibu sawa na kuzidisha cha pili kwa cha kwanza. Tumezoea tangu darasa la pili kwamba 3 mara 5 ni sawa na 5 mara 3. Jambo lile lilimsumbua. Mwalimu wake Max Born ndiye aliyetambua kwamba wanahisabati walishakuwa na hesabu ya aina hiyo, hesabu ya matriki. Mahali ilipo chembe na msukumo wa mwendo wake havikubali kupinduliwa mfuatano. Tofauti kati ya kuanza na hiki na kuanza na kile ni ndogo mno, lakini si sifuri.

Hapo nikamwambia rafiki yangu: sawa, nimekuelewa, mfuatano una maana. Lakini alikuwa bado hajafika alikotaka kunipeleka.

Mwaka 1933 Paul Dirac alichapisha makala katika jarida moja la fizikia la Umoja wa Kisovieti, akadokeza njia nyingine ya kuiandika nadharia hiyo. Mmarekani Richard Feynman alilishika dokezo hilo, likawa msingi wa tasnifu yake pale Princeton mwaka 1942, na mwaka 1948 akalichapisha likiwa limekamilika. Wazo lenyewe ni hili. Elektroni imetoka hapa, imefika pale. Usiulize imepita njia gani. Chukua njia zote zinazowezekana, zilizonyooka na zilizopinda, hata zile za kipuuzi. Kila njia ipe mshale mdogo unaozunguka kama mkono wa saa. Halafu jumlisha mishale yote. Mingi itaelekea huku na huku, itafutana. Inayobaki inakupa uwezekano wa elektroni kufika pale.

Sasa angalia kitu kimoja. Katika kujumlisha huku, kila kinachozidishwa ni namba ya kawaida, na 3 mara 5 imerudi kuwa 5 mara 3. Ule mfuatano uliomnyima Heisenberg raha haupo tena. Nikauliza: umekwenda wapi? Kama nadharia ni ile ile, lazima uwe umejificha mahali fulani.

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike insha hii. Umejificha kwenye mikwaruzo ya njia.

Nitaeleza nilivyoelewa. Fikiria mtu anatembea barabara laini. Ukiugawa muda wa safari yake vipande vidogo mara 100 zaidi, kila hatua nayo inapungua mara 100. Ukiuliza alikuwa wapi kabla tu ya hatua, au baada tu ya hatua, tofauti inayeyuka haraka. Kabla na baada ni kitu kimoja. Njia zenye uzito katika jumla ya Feynman haziko hivyo. Ni njia zilizokwaruzika, zina meno kama msumeno, na hata ukiisogelea namna gani haiishi meno. Ukiugawa muda mara 100, hatua inapungua mara 10 tu. Maana yake kasi ndani ya ile hatua inaongezeka mara 10. Zidisha tofauti ya mahali, iliyopungua mara 10, kwa kasi, iliyoongezeka mara 10. Unapata kile kile. Tofauti ya kabla na baada haiyeyuki, hata uukate muda vipi. Mabaki hayo ndiyo yale yale aliyoyakuta Heisenberg. Feynman alilionyesha hili ndani ya makala yake ya 1948.

Kwa hiyo ukiinyoosha njia, ukaondoa meno yake ipendeze, mfuatano unakufa. Kwenye njia iliyonyooshwa hakuna kinachotangulia kwa maana yoyote ya maana. Na mhariri wangu alitumia neno gani? "Ngoja niinyooshe."

Kwa kawaida tunadhani mwandishi anapotosha kwa kuongeza kitu au kuficha kitu. Sheria zetu za kazi zimejengwa juu ya hofu hizo mbili: usibuni, usifiche. Habari ya karai ilifaulu zote mbili. Iliangukia pa tatu, mahali ambapo hatuna sheria ya kutosha: ilisawazishwa. Mambo yote yaliwekwa kwenye sinia moja, kila msomaji ajipangie. Na msomaji, kama binadamu yeyote, akiona askari aliyeungua na mwanamke aliyekamatwa, anapanga kwa mazoea yake. Mfuatano tulioutoa hakuuacha wazi. Aliujaza mwenyewe, na aliyeumia ni mama wa mihogo.

Kuna pingamizi, na si dogo. Ukiniambia mfuatano ndio ukweli, nitakuuliza mfuatano unaanzia wapi. Mgambo angesema: teke halikuwa mwanzo, tangazo la kuondoka lilitolewa siku tatu kabla. Mama angesema: tangazo halikuwa mwanzo, mimi nalipa ushuru kila siku na risiti ninazo. Halmashauri ingesema barabara ilipimwa kabla ya meza. Mwingine atakwambia walikuwepo kabla ya barabara. Kila "kwanza" ina "kabla" yake. Tunaijua hii kutoka kwenye ugomvi wa ndugu na kwenye vita vya mataifa. Kila upande una tarehe yake ya kuanzia, na kila upande, ukianzia pale, una haki. Basi si afadhali "ambapo", isiyomwonea mtu?

Hapa rafiki yangu alinisaidia tena, kwa tawi la fizikia linaloitwa nadharia za geji. Humo jambo moja linaweza kuelezwa kwa namna nyingi zisizo na idadi, na zote ni halali. Ni kama kupima kimo cha mlima: unaweza kuanzia usawa wa bahari au sakafu ya nyumba yako. Namba zitabadilika, lakini tofauti kati ya kilele na bonde itabaki ile ile. Huwezi kufanya hesabu bila kuchagua pa kuanzia. Ila jibu la mwisho likibadilika kwa sababu umechagua kwingine, ujue umekosea. Kinachobaki bila kubadilika kwenye machaguo yote ndicho kilichotokea. Kingine ni nguo tu.

Nilijaribu kipimo hicho sokoni. Nikaisimulia habari kuanzia kwenye tangazo la siku tatu kabla, nikiwa mgambo. Nikaisimulia kuanzia kwenye risiti za ushuru, nikiwa mama. Lawama zilihama, ndiyo. Huruma ilihama. Lakini kote kuwili karai lilipinduka baada ya teke, na mguu ulioungua ulikuwa ule ule uliopiga. Hicho hakitegemei nimeanzia wapi. Wingi wa mianzo halali hauufanyi mfuatano wote kuwa suala la mtazamo. Unatutaka tujue upi ni nguo na upi ni mwili. Sisi tulivua mwili tukabaki na nguo.

Na humo humo kuna somo la pili, ambalo nilistahili kulijua bila fizikia. Unapojumlisha njia zote katika nadharia za geji, unajikuta unahesabu jambo moja mara nyingi, kila mara likiwa limevaa vazi jipya. Mwaka 1967 Ludvig Faddeev na Victor Popov walionyesha namna ya kurekebisha: chagua vazi moja kwa kila jambo, kisha weka kwenye hesabu vitu vya ziada ambavyo wanafizikia wamevibandika jina la mizimu. Hakuna chombo kitakachoiona mizimu hiyo. Kazi yake ni kufuta kilichohesabiwa kupita kiasi. Nilirudi kwenye daftari langu na mashahidi wangu sita. Wanne kati yao, kumbe, walikuwa wamesimuliwa na dereva mmoja wa bodaboda. Nilikuwa na mashahidi watatu, waliovaa nguo za watu sita. Kwa bahati dereva alisema kweli. Angekuwa mwongo, ningekuwa na uongo uliothibitishwa mara nne.

Wapo wanaosukuma jambo hili mbali zaidi. Hartland Snyder aliandika mwaka 1947 kuhusu uwezekano kwamba hata nafasi yenyewe haikubali kupinduliwa mfuatano: kuuliza "kiasi gani mashariki" kisha "kiasi gani kaskazini" si sawa na kuuliza kinyume chake. Mwaka 1999 Nathan Seiberg na Edward Witten walionyesha namna nafasi ya aina hiyo inavyojitokeza ndani ya nadharia ya nyuzi, na namna ya kutafsiri maelezo yake kuwa maelezo ya kawaida. Hadi leo hakuna kipimo kilichoonyesha kwamba dunia yetu iko hivyo, lakini hesabu zake zimefanyiwa kazi kubwa. Jambo moja kati ya yaliyogundulika lilinikaa. Katika nadharia za geji za nafasi hiyo, kubadili vazi kunaweza kukihamisha kitu mahali. Kwa hiyo huwezi kuuliza "nini kiko kwenye nukta hii" ukapata jibu lenye maana. Lazima uijumlishe nafasi yote, au uifunge nukta kwenye mstari unaotoka mahali na kwenda mahali, kisha uuchukue mstari mzima.

Nani kati yetu waandishi hajawahi kuchomoa nukta? Sentensi moja ya mbunge, sekunde kumi za video, picha moja ya mkono ulioinuliwa. Tunasema "lakini alisema kweli maneno hayo". Alisema, ndiyo. Ila maneno yaliyochomolewa kwenye mstari wake hayana tena mahali pa kukaa. Yanaweza kuhamishiwa popote, na yanahamishwa kila siku, kwenye simu zetu.

Sitaki nionekane nadai kwamba elektroni zinatufundisha maadili. Hazijali. Tena kuna tofauti moja kubwa nisiyotaka kuifunika: katika hesabu ya Feynman njia zote zinaingia kwenye jumla. Sokoni asubuhi ile kilitokea kitu kimoja, na si jumla ya hadithi za watu. Anayesema "kila mtu ana ukweli wake" asije akajificha nyuma ya fizikia. Nilichochukua kwake ni swali tu, la kuiuliza habari kabla haijatoka: nimelainisha nini, na kabla na baada ya mambo zimekwenda wapi?

Hata hivyo swali hilo lina gharama, na wahariri si watu wabaya. Nafasi ni ndogo, msomaji ana haraka, habari yenye meno inachosha. Nimekuwa mhariri mwenyewe sasa, najua. Kuna siku nainyoosha habari ya kijana fulani na mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye "ambapo". Naacha nyingi. Mechi ya mpira haidhuriki nayo sana. Lakini panapokuwa na mtu aliyeumia na mtu aliyekamatwa, nimejiwekea sharti moja: "-ka-" zibaki, hata kama sentensi itakuwa mbaya. Sentensi mbaya inanisumbua mimi. Ile nzuri ilimnyima mtu karai.

Nilirudi kwa mhariri wangu wa zamani kuomba masahihisho. Akaniuliza, kwa haki kabisa, "Tunasahihisha nini? Onyesha kosa." Sikuweza kuweka kidole kwenye neno hata moja. Basi nikafanya lililobaki. Jumamosi moja nilikwenda na daftari langu kwenye kikao cha kikoba, nikaomba ruhusa kwa mwenyekiti, nikawasomea nilivyoandika siku ile kabla haijanyooshwa. Wakafika, akapiga, likapinduka, yakamwagika.

Walisikiliza kimya. Mama mmoja wa makamo akauliza, "Sasa mbona gazetini hukuandika hivyo?" Nilianza kueleza habari za nafasi na ufunguzi, nikaona sura zao, nikanyamaza.

Mkopo aliupata mwezi uliofuata, nusu ya alioomba. Alinunua karai. Meza alisubiri.